Dirisha lako linaangalia wapi? Ushauri wa mbao kwa wajenzi wa Mwanza

Mteja akinionyesha picha ya dirisha kwenye simu, swali langu la kwanza si ukubwa wala bei. Namuuliza linaangalia wapi. Dirisha la chumba cha nyuma kule Buhongwa, lililofunikwa na paa refu na kukingwa na ukuta wa jirani, halina makuu; karibu mbao yoyote iliyokauka vizuri italifaa. Dirisha la sebule pale Bwiru au Capri Point, linalotazamana na ziwa, ni habari nyingine. Linachomwa na jua, kisha mvua inayosukumwa na upepo wa ziwani inalilowesha upande wa nje peke yake. Nje mbao inavimba, ndani imekauka. Matokeo yake shata, yaani ubawa wa dirisha unaofungua na kufunga, linajikunja, na ukilifunga, kona ya chini inabaki imechungulia nje.

Kwa hiyo sifa ninayoitafuta kwanza ni mbao kutulia. Wengi wanatafuta ugumu: wanagonga ubao kwa ngumi, wanatikisa kichwa kwa kuridhika, wanalipa. Mkaratusi ni mgumu, na bado siutengenezei shata, kwa sababu unapasuka vichwani, kwenye ncha za ubao, na kujipinda wakati wa kukauka. Wenye kazi yake ni wajenzi wa kenchi na wasimika nguzo.

Kwa kutulia, mninga hauna mpinzani wa karibu kwa fundi wa kawaida. Unapokauka unapungua kidogo, hauli sana randa, na kiini chake kinavumilia mchwa na mvua. Mwingi unaofika kwetu unatoka misitu ya miombo ya upande wa Tabora na Katavi. Angalizo ni moja: sehemu nyeupe ya pembeni. Hiyo haina ukinzani wa kiini, na wadudu wanaoacha unga kama wa sembe wanaanzia hapo hapo. Ukiona ubao una ukanda mweupe, hesabu upana wa kiini tu, maana huo ndio unaoununua.

Halafu kuna ndugu yake, mkurungu, ambao wengine wanauita mninga maji. Ni mbao nzuri, lakini haipaswi kuuzwa kwa jina na bei ya mninga. Siku moja kijana wa duka la mbao aliniambia, "Mzee, hii ni mninga safi, angalia rangi." Nikamjibu, "Mwanangu, rangi naiona, nipigie randa kidogo." Uso wa ubao uliokaa dukani unadanganya, maana vumbi, jua na wakati mwingine mafuta vimeshapita juu yake. Kwaruza sehemu ndogo uone mbao mpya, kisha geuza utazame kichwa chake. Hapo ndipo mistari ya mti inapoonekana. Ikiwa imesimama wima kutoka uso mmoja hadi mwingine, ubao huo utatulia. Ikiwa imelala kama upinde, ukikauka utajikunja kinyume cha upinde huo, hata uwe mninga.

Mkongo nautumia kwa fremu za madirisha mazito, hasa ubao wa chini wa fremu, ule unaokaliwa na maji. Ni mzito na unakaa sana. Mvule nao ni mbao ya heshima huku kwetu, wajenzi wa mitumbwi ya ziwani waliutegemea miaka mingi, na anayeujua atauheshimu kwenye dirisha pia. Ila una vijiwe ndani yake, chokaa iliyoganda, vinavyomaliza meno ya msumeno, na mafuta yake huchelewesha vanishi kukauka. Fundi akikutoza ziada kwa mvule, usimlaumu.

Mfuko ukibana, paini si aibu. Tunayo ya jirani kabisa: shamba la Buhindi upande wa Sengerema na la Rubya kule Ukerewe. Ninachosisitiza ni iwe imewekewa dawa, na kila sehemu fundi atakayokata aipake dawa tena. Chagua ubao wenye mafundo machache na madogo. Fundo likiwa karibu na kiungo cha ulimi na tundu, huo ubao uende kwenye kazi nyingine.

Sasa kukauka, jambo linaloharibu madirisha mengi kuliko uchaguzi wa mti. Ubao wa paini wa inchi 6 uliochanwa ubapa, yaani mistari yake imelala, ukiwa mbichi unaweza kupungua milimita 5 hivi upana wake. Fikiria paneli ya namna hiyo ndani ya shata: mwezi wa Agosti mwanga unapita kandoni. Mbao ya dirisha hapa iwe na unyevu wa asilimia 12 hadi 15. Muuzaji akikwambia imekauka, inua mbao mbili za mti mmoja na kipimo kimoja. Ile nzito zaidi ina sababu. Kama una nafasi, kata kipande, kipime kwenye mizani ya dukani, kiweke ndani ya nyumba wiki mbili, kipime tena. Uzito ukiendelea kushuka, subiri. Mimi nashauri mtu anunue mbao mapema, wakati msingi unachimbwa, azipange chini ya paa na vijiti katikati ya kila safu ili hewa ipite, aweke mawe mazito juu yake. Mawe Mwanza hayajawahi kuadimika. Hadi nyumba ifike kwenye linta, mbao zimepata muda.

Usinunue mbao gizani, na simaanishi giza la usiku tu. Dai risiti, tazama alama ya nyundo ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kwenye mbao, na uliza hati ya kusafirishia. Mwaka 2022, mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Panama uliweka jamii za mninga na mkongo za Afrika katika orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa. Wewe unajenga nyumba tu, husafirishi nje, lakini mbao isiyo na karatasi inaweza kukamatwa njiani na hela yako ikaishia hapo.

Kwenye kufunga nitasema machache. Ubao wa chini uwe na mteremko kuelekea nje, na chini yake pachimbwe mfereji mwembamba ili maji yadondoke badala ya kurudi ukutani. Bawaba hazitupi shida kama za wenzetu wa Dar, maana ziwa halina chumvi. Ukifunga shata wakati wa kiangazi, acha nafasi ya kama milimita 3 pembeni, kwa sababu mvua za Novemba zitaivimbisha mbao. Vichwa vya mbao vipakwe rangi au mafuta kabla fundi hajaunganisha, maana baadaye brashi haifiki, na maji huingilia huko kuliko sehemu nyingine yoyote.