Mbona Marekani mtu akichoma bendera hafungwi?

Swali: Assalaam alaykum wakili. Mie nasoma skuli hapa Wete, wiki ijayo tuna mdahalo na upande wetu tunatetea kuwa kuchoma bendera ya taifa kupigwe marufuku. Nasikia Marekani mtu anachoma na hafungwi, sheria hawana au wanaogopa?

Jibu: Waalaykum salaam mwanangu. Sheria walikuwa nazo tele, majimbo 48 kati ya 50. Sasa mwaka 1984 pale Dallas, kwenye mkutano mkuu wa chama cha Republican, Gregory Lee Johnson akaimwagia bendera mafuta ya taa akaitia moto, jimbo la Texas likamhukumu mwaka mmoja jela na faini dola 2,000, kesi ikapanda mpaka Mahkama ya Juu na 1989 majaji watano kwa wanne wakasema hana kosa, mana kile kitendo ni maoni na Katiba yao inalinda maoni. Kongresi ikahamaki ikatunga sheria nyengine mwaka ule ule, 1990 nayo ikaangushwa, tano kwa nne tena. Ikabaki kubadilisha Katiba yenyewe, na 2006 Seneti ilipata kura 66 wakati zinatakiwa 67. Kura moja tu!

Hapa sasa ndo pa kushika. Kanuni zao wenyewe za bendera zinasema ikichakaa iteketezwe kwa heshima, na bora zaidi ichomwe moto. Yani mzee anaechoma bendera kuukuu uani kwake na Johnson anaechoma barabarani, moto ni ule ule na kitambaa ni kile kile, tofauti ni kile wanachotaka kusema. Na sheria ya Texas ilitamka wazi kosa ni kuiharibu kwa namna unayojua itawaudhi sana wenye kuona. Kwa hivo anaefungwa anafungwa kwa ujumbe wake, na miye hapo nawaunga mkono wale watano. Ukiiba bendera ya mtu ukaichoma hiyo ni kesi nyengine, sheria za wizi na kuharibu mali zipo zinatosha.

Lakini msikate tamaa, upande wenu una nguvu zake. Pale Dallas mtu mmoja alieshuhudia aliokota mabaki ya bendera akenda kuyazika uani kwake. Kuyazika, mwanangu! Wale majaji wanne waliokataa walikuwa wanausemea uchungu kama huo, na sie tunaujua, mana tokea Muungano wa 1964 tulikaa miaka arubaini bila ya bendera yetu ya Zanzibar, ilipopandishwa tarehe 9 Januari 2005, ile buluu, nyeusi na kijani, miye koo lilinikaba. Anzeni na hilo, msianze na habari ya kuwa wanaogopa, mtapigwa dakika ya mwanzo.

Na mtu asije akajaribu huku, hukumu ya Marekani haitufungi sie. Katiba ya Zanzibar ya 1984 inatoa uhuru wa maoni kifungu cha 18, ila kifungu cha 24 kinaruhusu kuuwekea mipaka.

Jengine, wenzenu lazima watakuulizeni: afisi inayoiacha bendera mlingotini mpaka kusi inaichana nyuzi nyuzi, nayo ishtakiwe? Kaeni na jibu la hilo kabla ya siku, mana sheria mnayoitaka itabidi iseme kosa khasa ni lipi.