Mzazi apewe mshono na tarehe

Swali la wiki hii lilikuwa: kijana anayetaka kuzivisha nguzo za mtaani sweta alizofuma mwenyewe, mzazi amsaidie wapi na wapi akae kando? Jibu langu ni kwamba mzazi aziache sindano za kufumia, ashike mshono na tarehe ya kuondoa. Sanaa hii haiharibikii kwenye kufuma. Kitambaa chenye kitanzi kilichoruka hapa na pale, kikishazungushwa kwenye nguzo, hupendeza vilevile. Kinachoiharibu ni mshono unaoachia usiku wa kwanza wa mvua, na vazi lililosahaulika miezi sita hadi likawa tambara.

Kwanza suala la ruhusa, maana ndipo mabishano yalipo. Kuna wanaosema hii ni sanaa ya kuvizia, yaani ya kuvisha vitu vya mtaani bila kumwuliza mtu, na ukishaomba ruhusa imekufa. Magda Sayeg wa Houston, Marekani, anayetajwa mara nyingi kuwa ndiye aliyeuwasha moto huu, alianza mwaka 2005 kwa kufumia vazi kitasa cha mlango wa duka lake mwenyewe. Lake mwenyewe, hapakuwa na wa kumwomba. Msanii Olek, kwa upande mwingine, alimvisha yule fahali wa shaba wa Wall Street, sanamu maarufu jijini New York, vazi zima la kroshia mwezi Desemba 2010, na vazi halikumaliza hata siku likiwa juu yake. Msanii mzoefu anaweza kulipokea hilo kama sehemu ya mchezo. Mtoto wa miaka kumi na mmoja aliyefuma wiki tatu hataweza, wala hana sababu ya kuweza. Mpita njia anayekuta nguzo imevaa sweta asubuhi hushtuka na kutabasamu vilevile, iwe kuna barua ya ruhusa au hakuna.

Kwa hiyo anzeni na kitu chenye mwenyewe anayejulikana: lango au uzio wenu unaotazama barabara, nguzo ya baraza la duka, benchi la shule. Nguzo ya taa huwa na mwenyewe pia, ama serikali ya mtaa ama shirika la umeme, na mahali pengi kufunga chochote juu yake bila idhini huhesabiwa kuwa uchafuzi au uharibifu wa mali hata kama hakiachi alama. Barua aandike mtoto, asaini mzazi. Itaje mahali hasa, ukubwa, njia ya kufungia (“imeshonwa kwa uzi, bila gundi, bila misumari”) na siku ya kuondoa. Hicho cha mwisho ndicho kinacholainisha mioyo ya maofisa.

Viko vitu visivyoguswa hata kwa ruhusa ya mdomo: alama za barabarani, taa za kuongozea magari, bomba la zimamoto, nguzo yenye vifaa vya umeme vinavyoonekana, makaburi. Reli ya ngazi nayo iacheni. Wengi huiona inavutia kwa kuwa ni ndefu na nyembamba, lakini sufu huteleza mkononi na kuzunguka juu ya chuma, na anayeitegemea reli ile ni mzee au asiyeona. Kwenye nguzo ya taa, angalieni pia kile kimlango kidogo karibu na chini. Fundi atakikata kitambaa chenu bila kuuliza, na atakuwa na haki.

Sasa vipimo. Mtoto apime mzingo wa nguzo kwa tepu ya fundi cherehani sehemu tatu: chini, katikati na juu ya eneo litakalovikwa, kwa sababu nguzo nyingi huwa nyembamba kadiri zinavyopanda. Mzazi aandike. Chukulia mzingo ni sentimita 40 na mnataka vazi la urefu wa sentimita 60. Kitambaa kifumwe kikiwa na upana wa sentimita 34 tu, yaani pungufu kwa asilimia 15. Kosa la kwanza la karibu kila mgeni wa kazi hii ni kufuma sentimita 40 kamili. Vazi linaloenea sawasawa huporomoka kama soksi isiyo na lastiki, na kwenye chuma kilichopakwa rangi huporomoka siku hiyohiyo. Kikivutwa kwa upana, kitambaa hupungua kidogo urefu. Msijali, nguzo haina mabega.

Fumeni kwa ubavu. Maana yake ni kwamba vitanzi mnavyoanzia ndivyo urefu wa vazi kutoka chini kwenda juu, na mistari inayoongezeka ndiyo inayoizunguka nguzo. Wengi hufuma kinyume, kama skafu inayopanda. Faida ya ubavu ni mbili. Mfumo rahisi kuliko wote, ule wa kufuma mstari kwa namna moja kwenda na kurudi mpaka matuta yatokee pande zote mbili, hunyumbulika zaidi kuelekea mistari inakoongezeka. Ukilala ubavu, mnyumbuko huo unakuwa wa kuikumbatia nguzo, na kitambaa hakining’inii sana kikilowa. Faida ya pili ni kwamba hakuna hesabu ya mwisho: mtoto anafuma, anazungushia, anaona bado pengo la sentimita kumi, anaendelea, likibaki pengo la sita, anafunga vitanzi. Huo mfumo wenyewe haujikunji pembeni. Ule laini wa mbele na nyuma tofauti, kama wa sweta za dukani, hujikunja kama karatasi na kumtesa anayeshona.

Uzi mnene wa kadiri kwa sindano za milimita 5.5 hutoa takribani vitanzi 16 kwa sentimita 10, na mistari 32 hivi. Sentimita 60 basi ni vitanzi 96, na sentimita 34 ni mistari 108 kasoro au kuzidi kidogo. Zidisha: vitanzi zaidi ya 10,000. Anayejifunza, kwa mwendo wa vitanzi 15 kwa dakika, ana zaidi ya saa 11 za kukaa na sindano. Mtoto aambiwe hesabu hii kabla hajaanza. Kazi nyingi za aina hii hufia kwenye kikapu kwa kuwa mtu alichagua nguzo kubwa mno. Kwa mara ya kwanza, mguu wa benchi wenye mzingo wa sentimita 16 unatosha kabisa.

Kujua uzi kiasi gani, fumeni kipande cha sentimita 10 kwa 10 na mkipime kwenye mizani ya jikoni. Kikiwa gramu 7, vazi letu la mfano, ambalo ni vipande 20.4 vya namna hiyo, litataka gramu 143 hivi. Ongezeni moja ya kumi kwa ajili ya mshono na mikia ya nyuzi. Kroshia huenda haraka zaidi na haifumuki ovyo ikikatwa, ila hula uzi zaidi kwa eneo lilelile.

Uzi wa akriliki ndio unaofaa nje: hukauka upesi, haiozi, hushika rangi kwa muda mzuri. Pamba hunywa maji, ikawa nzito, ikarefuka, ikaota ukungu. Sufu halisi ni nzuri lakini husinyaa na kushikana ikisuguliwa ikiwa imelowa, na ni dhambi kuipeleka juani. Ubaya wa akriliki ni kwamba ni plastiki: huyeyuka kwenye joto, kwa hiyo isikaribie bomba la moshi wala taa inayochoma, na inayoanza kunyofoka nyuzi huacha plastiki ardhini. Ndiyo maana tarehe ya kuondoa si mapambo. Masalio ya nyuzi za sweta kuukuu yanafaa, mradi unene ufanane. Msifume uzi mwembamba na mnene kwenye kipande kimoja, patatokea kiuno.

Hapa ndipo mzazi hujikwaa. Anaona mtoto anachelewa, anachukua sindano jioni mtoto akiwa amelala, anafuma mistari ishirini. Asubuhi kitambaa kina uvimbe, kwa sababu mkono wa mtu mzima hukaza au hulegeza tofauti, na tofauti ya kitanzi kimoja kwa sentimita 10 kwenye vitanzi 96 ni sentimita 4 hivi. Wakitaka kufuma wote wawili, kila mmoja awe na kipande chake, kila mmoja apime kipande chake cha majaribio, kisha viunganishwe, tena viwe vya rangi mbalimbali ili tofauti ionekane ya makusudi. Kazi kubwa zilizogawanywa kwa mikono mingi hufanywa hivyohivyo: kifaru cha vita ambacho Marianne Jørgensen alikivisha waridi huko Copenhagen mwaka 2006, kupinga vita vya Irak, kilifunikwa kwa viraba zaidi ya 4,000 vya sentimita 15 kwa 15 kutoka kwa wafumaji wa nchi kadhaa.

Kuhusu makosa ya mtoto, mzazi arekebishe kitanzi kilichoanguka tu, maana hicho hushuka mstari kwa mstari kama ngazi. Akichomeke pini mara akionapo, kisha akipandishe kwa sindano ya kroshia. Makosa mengine yaachwe. Mzazi anayefumua kazi ya mtoto ili inyooke atamaliza nguzo peke yake.

Nyumbani, kabla ya kutoka, mikia yote ya nyuzi ifichwe ndani ya kitambaa kwa sindano butu, angalau sentimita 5 kwenda na kurudi. Uzi unaoning’inia hunasa miguu ya ndege. Fungeni vikamba vitano vya muda kwenye kingo zote mbili, kwa nafasi sawa. Kateni nyuzi mbili za kushonea za sentimita 90 kila moja, msichukue mmoja wa mita mbili utakaojisokota. Rangi yake iwe tofauti na ya kitambaa: siku ya kuondoa, jicho litauona mshono na mkasi utakata uzi huo peke yake.

Mahali penyewe, vazi liwe juu ya usawa wa mbwa (kila mfumaji wa mtaani hujua sababu) na chini ya mahali mtoto anapofika akisimama ardhini. Sentimita 70 hadi 130 kutoka chini ni sawa. Ngazi isiletwe. Nguzo ikiwa na pete, boliti au kiungo, kitambaa kikae juu yake, kitapata cha kuegemea.

Mzazi asimame upande wa pili wa nguzo, akivute kitambaa kwa mikono miwili hadi kingo zikutane, afunge vile vikamba vitano kuanzia juu. Sasa mtoto ana kitambaa kilichokaza na mikono yote miwili huru, na hapo ndipo msaada wa mzazi unapokuwa hauna mbadala. Mtu mmoja akijaribu kuvuta na kushona kwa pamoja hutoa mshono unaolegea katikati. Mtoto aanze juu, ashone kwa kuzungusha, kila tundu la ukingo huu na la ukingo ule, na kila baada ya sentimita 10 apige fundo. Bila mafundo hayo, mtu akikata sehemu moja mshono wote huachia. Vikamba vifunguliwe kimoja kimoja mshono unapovifikia. Ukingo wa juu upitishwe uzi mara mbili kama kamba ya mfuko na ukazwe. Sentimita 60 huchukua kama dakika 25. Mshono utazame ukutani, si barabarani. Vibano vya plastiki vya kufungia nyaya na waya visitumike: ncha zake hukwaruza vidole na rangi ya nguzo.

Mkipenda mti, upunguzeni muda. Kitambaa kilicholowa huweka unyevu kwenye gome na kuwapa wadudu maficho, na mti unakua wakati mshono haukui. Wiki mbili au tatu zinatosha, na mche mchanga uachwe. Chuma nacho hushika kutu chini ya kitambaa kisichokauka. Vazi la nguzo likae wiki nne hadi sita, kisha litoke.

Kwenye ukingo wa chini shoneni kitambaa kidogo kilichoandikwa kwa wino usiofutika: “Tutaondoa tarehe…” na mawasiliano ya mzazi. Jina la mtoto na namba yake visiwepo. Pitieni baada ya mvua ya kwanza, kisha kila wiki. Likilegea, kazeni uzi wa juu. Likitoboka au likianza kutoa manyoya, liondoeni hata kama siku haijafika.

Siku ya kuondoa, kateni ule uzi wa rangi tofauti, okoteni kila kipande chake chini, futeni nguzo kwa kitambaa kikavu, na mpige picha ya nguzo tupu mmpelekee aliyewapa ruhusa. Akriliki hufuliwa kwa maji ya nyuzi 30 na kuanikwa ikiwa imelazwa. Kikikauka, pimeni upya kabla ya kukipeleka kwenye nguzo nyingine: kitakuwa kimepanuka, na huenda mzingo wa 40 sasa ni mkubwa kidogo tu kuliko chenyewe. Tafuteni nguzo nene zaidi.