free() inajuaje saizi ya bloku? Majibu kutoka Mtwara

Juzi dogo mmoja wa Lindi kanitumia meseji, anasema kaka malloc, ile ya lugha ya C ya kuomba bloku (kipande cha memori), naipa namba ya baiti, tuseme 100, hapo sawa, ila free, ile ya kuirudisha, naipa pointa tu, yaani anwani ya bloku, sasa inajuaje irudishe baiti ngapi? Swali zuri sana hili. Mimi nililiuliza kwenye ofisi moja nilipoenda kuomba field wakanicheka, wakaniambia C ya nini siku hizi, jifunze websaiti. Inaniuma mpaka leo.

Nikarudi zangu geto Ligula, nikawasha laptop ya Linux, nikaomba malloc(100), nikarudisha pointa nyuma baiti 8 nikasoma kilichopo pale. Ikatoka 113. Sio 100 jamani, 113! Usingizi wote ukaisha.

Iko hivi. Kwenye glibc, maktaba ya C inayotumika sana kwenye Linux, ya biti 64, malloc inaweka saizi nyuma kidogo tu ya pale unapopewa wewe, kama gunia la korosho lililoandikwa kilo zake kwa nje, anayelipokea hapimi tena. 100 ukijumlisha 8 za hiyo saizi unapata 108, inapandishwa hadi 112 maana bloku lazima zigawanyike kwa 16, na kwa kuwa zinagawanyika hivyo biti za chini kabisa zinabaki wazi, basi wakazitumia kuwekea alama. Ile 1 ya ziada inasema bloku ya nyuma yake bado inatumika, isiunganishwe. Aliyefikiria hii ana akili nyingi sana. Jaribu na 24 halafu 25, utaona 33 na 49.

Ndo maana ukiandika kupita mwisho wa bloku yako unaharibu saizi ya jirani, na programu haifi pale pale, inakuja kufa mbele huko kwenye free, unabaki unatafuta kosa sehemu ambayo haina kosa. Na sizeof, ile ya C ya kupima saizi kwa baiti, ukiipa pointa itakupa 8 tu, hiyo ni saizi ya pointa yenyewe. Saizi ya bloku itunze mwenyewe, kwenye struct (kifurushi cha data cha C), pamoja na pointa.

Mimi kwa kujua haya nimeandika kigawa memori changu, kiko ndani ya kidude kinachosoma mzani wa korosho, na msimu mzima hakijagoma hata mara moja. Najivunia sana. Vijana wa kusini msikubali kuambiwa vitu vya chini kabisa vya kompyuta sio vyenu, ingieni humo, someni baiti kwa macho yenu, msingoje ruhusa ya mtu.

Ila ile 113 ni ya kujifunzia tu, usiitegemee kwenye kazi ya mtu. Sheria za C hazisemi saizi ikae wapi. jemalloc, kigawa memori cha mfumo endeshi wa FreeBSD, inapanga bloku za saizi moja sehemu moja na kumbukumbu zake inaziweka pembeni, kwa hiyo ukirudi nyuma baiti 8 pale unakuta data ya bloku nyingine.