Methotreksati ni ya wiki, si ya siku

Dada, umeuliza kama mama anaweza kugawa vidonge vyake sita vya methotreksati, kimoja kila siku, kwa kuwa vyote kwa mkupuo vinamchefua. Hapana, tafadhali asifanye hivyo. Dawa hii ya baridi yabisi hunywewa mara moja tu kwa wiki. Ikinywewa kila siku huzuia uboho (ute ulio ndani ya mifupa) kutengeneza damu, na watu wamekufa kwa kosa hilo. Chagueni siku, tuseme Ijumaa usiku baada ya kula, muiandike juu ya boksi. Sita vya miligramu 2.5 ni miligramu 15. Kagua duka la dawa lisimpe vya miligramu 10. Kichefuchefu hupunguzwa na asidi ya foliki, vitamini ambayo mwili huitumia kutengeneza damu, mara nyingi miligramu 5, siku tofauti na hiyo. Kikizidi, daktari anaweza kumhamishia kwenye sindano.

Halafu Septrin, ile antibiotiki. Hapa Dar mtu huinunua kirahisi kwa maambukizi ya mkojo au kuhara, lakini kwake ni hatari sana: yenyewe na methotreksati zote mbili hupinga foliki. Akipata vidonda mdomoni, homa au michubuko isiyo na sababu, aache dozi na aende hospitali siku hiyohiyo, apimwe picha kamili ya damu, ini na figo.