Ini lenye mafuta: nani achukuliwe kinyama (kipande kidogo cha ini cha kupimwa kwa hadubini), na kwa njia gani?

Nina kilo 118. Altrasaundi imeonyesha ini lina mafuta. Ni lazima nichukuliwe kinyama? (Msomaji, Morogoro)

Si lazima, na wengi wenu hamtakihitaji kamwe. Kila wiki naletewa karatasi ya altrasaundi na kuulizwa mafuta ni mengi kiasi gani. Ulizeni kama kuna kovu! Kovu ndilo linaloua, na altrasaundi ya kawaida hailioni likiwa changa. Anza na hesabu ya FIB-4, inayokadiria kovu kwa kutumia umri wako, AST na ALT (vimeng'enya vya ini vinavyopimwa kwenye damu) na chembe sahani za damu. Ikiwa chini ya 1.3, kovu kubwa halitarajiwi. Ikizidi 2.67, muone bingwa wa ini. Katikati ya hapo tafuta FibroScan, mashine inayopima ugumu wa ini bila kukata, na omba ini lipimwe kwa kifaa cha XL, cha watu wanene, kwa sababu kile cha kawaida huvurugwa na mafuta ya chini ya ngozi. Na usitulizwe na ALT nzuri peke yake. Wapo wenye makovu makubwa ambao ALT yao ni ya kawaida.

Sinywi pombe kabisa. Imekuwaje? (Msomaji, Tanga)

Kitambi na kisukari vinatosha. Pima pia homa ya ini B, maana mtu anaweza kuwa na yote mawili.

Mke wangu atafanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula. Daktari anataka kuchukua kinyama hapo hapo. Tukubali? (Msomaji, Nairobi)

Kubalini. Kwa mtu mnene sana, sindano ya kupitia mbavuni ina safari ndefu kulifikia ini. Njia ya mshipa wa shingo huwafaa wenye maji tumboni au damu isiyoganda vizuri, ila vipande vyake mara nyingi ni vyembamba na huvunjika. Kwenye upasuaji, daktari analiona ini na damu ikivuja anaizuia papo hapo.

Lakini muulizeni mambo mawili. Kwanza, atatumia sindano au atakata pembe ya ini? Pembe iko karibu na gamba, penye nyuzi nyingi za kawaida, na msomaji wa hadubini anaweza kuziona kama kovu. Sindano inayoingia ndani ni bora, na kipande kifike sentimita 2. Hata hicho ni kama sehemu 1 kati ya 50,000 ya ini zima, sasa kikiwa kifupi mtajua nini? Pili, atachukua mwanzoni? Ini likishashikwashikwa kwa muda, chembe nyeupe za damu hukusanyika na kupotosha majibu.

Dawa gani inasafisha ini? (Wengi)

Nimeshalijibu hili. Hakuna dawa ya kusafisha ini. Baadhi ya mitishamba mnayouziwa huliumiza ini lenyewe. Kupunguza asilimia 7 hadi 10 ya uzito hutuliza kuvimba kwa ini.

Kuchukuliwa kinyama kunauma? Naogopa. (Msomaji, Mwanza)

Utapigwa ganzi. Baadaye wengi huumwa ubavu au bega la kulia, na hupoa kwa dawa za kawaida. Kuvuja damu nyingi ni nadra, lakini kupo, kwa hiyo mtajie daktari mapema kila dawa unayotumia, hasa aspirini na warfarini, na usiache yoyote bila kumuuliza. Usikubali kuruhusiwa baada ya nusu saa. Unapaswa kuangaliwa kwa saa kadhaa. Ukifika nyumbani ukapata kizunguzungu, jasho la baridi au maumivu ya tumbo yanayozidi, rudi hospitali usiku huo huo.