Kabla ya Kutumia Fonti Nzito kwenye Bango la Haki

Mwaka 2016 msanifu Mmarekani Tré Seals alianzisha Vocal Type, kampuni inayobuni fonti (mitindo ya herufi za kuchapia) kutokana na mabango ya harakati za kudai haki. Kwa mabango ya wafanyakazi, ambayo ndiyo kazi yangu kubwa, mara nyingi mimi huchagua fonti yake iitwayo Martin.

Ukiichagua, anza kwa kujifunza ilikotoka. Tarehe 1 Februari 1968, mjini Memphis, Marekani, wazoa taka wawili, Echol Cole na Robert Walker, waliuawa na mtambo wa kushindilia taka wa gari ambamo walikuwa wamejikinga na mvua. Siku chache baadaye wenzao wapatao 1,300 waligoma, wakaandamana na mabango yenye maneno manne tu, I AM A MAN (yaani “Mimi ni mwanamume”), wakidai kuheshimiwa kama binadamu kamili. Neno la pili lilipigiwa mstari. Picha haikuwapo, wala nembo, wala jina la kiongozi. Naamini nguvu ya bango lile ilitokana na yale yaliyoachwa nje kama ilivyotokana na unene wa herufi zake.

Hapo ndipo Kiswahili kinapotudai uangalifu, kwa sababu neno moja kama HATUTANYAMAZISHWA lina herufi 17 na linaweza kumaliza upana wote wa bango. Wengi hulibana kwa kompyuta ili lienee, na matokeo yake mistari ya wima hukonda huku ya mlalo ikibaki minene, hata herufi zikaonekana kama zimekanyagwa. Usibane herufi; andika sentensi upya. TULIPWE SAWA husomeka na mtu aliye ng'ambo ya barabara.

Kisha chapisha nakala ya ukubwa halisi, uibandike ukutani na uitazame kwa mbali. Itoe pia fotokopi hafifu, kwa kuwa bango la mgomo litanakiliwa tu, na tundu la A au R katika herufi nene huzibwa na wino upesi. Likiziba, ongeza ukubwa.

Lipia leseni ya kutumia fonti, na uiingize kwenye bajeti tangu mwanzo. Mteja akiitaka Martin kwa tangazo la punguzo la bei, mweleze habari za Cole na Walker, kisha mpendekezee fonti nyingine. Mimi hufanya hivyo kila mara, na wateja wengi huelewa.