Maswali ya wasomaji: vitabu vya sanaa vya mkono

Barua nyingi za safari hii zinahusu vitabu vya sanaa, vile vinavyotengenezwa kwa mkono, nakala moja au chache, na kuzungumzia mazingira.

Mwalimu anasema kitabu cha sanaa si lazima kiwe na maandishi. Sasa ni kitabu gani hicho? (Mwanafunzi, Chake Chake)

Mwalimu wako kasema kweli, mwanangu. Hapo karatasi, uzi na namna kitabu kinavyofunguka vyote vinasema. Ukitaka kuonesha bahari inavyokula ufukwe, kata kila ukurasa uwe mfupi kuliko uliotangulia. Msomaji ataiona ardhi ikimwishia mkononi. Maneno hayakatazwi, lakini yasirudie kile ambacho karatasi imeshakieleza.

Shikamoo bibi. Mama yangu analima mwani Jambiani, nami nataka kutengeneza kitabu juu ya kazi yake. Nianzie wapi?

Marahaba. Anza na mwani wenyewe. Mwaka 1843 huko Uingereza, Anna Atkins alianza kutoa kitabu cha picha za mwani kilichochapwa kwa jua, na kinahesabiwa kuwa cha kwanza kuwekwa picha za fotografia. Hata maandishi yake yalikuwa ya mkono, akayachapa kwa njia ile ile.

Njia yenyewe unaiweza. Karatasi hupakwa dawa mbili zenye chuma, ikakaushwa gizani. Suuza mwani uishe chumvi, ukaushe, uulaze juu ya karatasi, ugandamize kwa kioo, kisha uviweke vyote juani kwa dakika kadhaa. Baada ya hapo osha karatasi kwa maji matupu. Palipopigwa na jua panakuwa buluu, palipofunikwa na mwani panabaki peupe. Dawa zichanganywe na mwalimu wa kemia, na uvae glavu.

Mwani ulianza kulimwa kibiashara pwani yenu mwaka 1989, na mama yako anajua yaliyotokea tangu hapo: kottonii, aina mojawapo ya mwani, inaugua maji yakipata joto, inataka kina ambacho wanawake wengi hawakifikii bila ya chombo. Basi chapa ukurasa mmoja wa tawi zima, na unaofuata uwe wa tawi lililougua. Lile la ugonjwa litatoka vipande vipande. Usiandike chochote chini yake.

Karatasi za dukani ni ghali. Mgomba unafaa? (Kijana, Wete)

Unafaa sana. Mgomba ukishatoa mkungu hukatwa tu. Katakata shina, chemsha kwa magadi au maji ya majivu mpaka nyuzi zilainike, osha, twanga kwenye kinu. Koroga ndani ya beseni la maji, chota kwa fremu iliyowambwa chandarua, pindulia juu ya kitambaa, kamua, anika. Ukichanganya na madaftari ya zamani yaliyolowekwa, karatasi inashikana vizuri zaidi. Ila kama utachapa kwa jua, osha nyuzi mara nyingi, maana magadi yakibaki yanaila ile rangi ya buluu.

Nataka jalada la gamba la kasa na matumbawe. Vibaya? (Nungwi)

Ndiyo, vibaya. Biashara ya kimataifa ya gamba la kasa imekatazwa, na tumbawe ni nyumba ya samaki tunaowala. Kitabu kinachotetea bahari hakiwezi kuvishwa vitu vilivyoporwa humo. Okota vipande vya nyavu na kandambili zilizotupwa na maji, kisha ushone kwa uzi wa usumba.

Vitabu vyangu vinaota ukungu na kuliwa na mende. Nifanyeje? (Mkoani)

Punguza gundi ya wanga, ndiyo inayowaita mende. Shona kila unapoweza. Usikifungie kitabu kwenye mfuko wa nailoni, kwa sababu unyevu unabaki humo humo. Kifungue kivulini siku za ukavu, na kabati lisigusane na ukuta.